Mashine Uliyoifungua Bila Ruhusa Yangu

Kwako Zuhura, uliyejifungia chumbani,

Shikamoo yako ya asubuhi niliitikia vizuri tu, kabla hatujaharibiana siku, kwa hiyo salamu tumeshamaliza. Naanza na hasira, maana ndiyo niliyo nayo. Nisipoitoa kwenye karatasi nitakuja kuitolea hapo ulipo, na tumeshasikilizwa vya kutosha na majirani kwa leo.

Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma na daftari lako la Kidato cha Sita, lile ulilobakiza kurasa. Ni saa tisa na nusu alasiri. Masufuria ya pilau hayajaoshwa. Mama yako anakwenda bombani na kurudi, hanisemeshi, ila kila anapotua ndoo anaitua kwa kishindo mbele ya miguu yangu. Mjomba wako Shabani amekaa upande wa pili wa ukuta. Angepata gari la kurudi Matombo saa hizi angekwisha ondoka, lakini magari ya huko ni ya asubuhi, basi amebaki kwenye nyumba ambamo ametukanwa. Nasikia anakohoa.

Kesho unapanda basi kwenda Dodoma kusomea kuchora majengo. Habari za basi sikuandikii. Mimi nawakatia abiria tiketi pale stendi ya Msamvu tangu ukiwa tumboni na kiti chako nimekichagua mwenyewe. Habari za kula, za kuvaa na za marafiki ameshakwambia mama yako, na nilikuona ulivyokuwa unaitikia huku mawazo yako yako kwingine. Mimi nina jambo moja tu, na si zuri, na linaanzia mkekani leo mchana.

Nataka ujue nilivyoliona mimi. Watu wamekaa mkekani wanakula: mama zako wadogo wawili na watoto wao, jirani yetu mhadhiri na mkewe, mjomba wako, sisi. Kompyuta niliyokununulia iko juu ya meza ya televisheni, kioo ubavuni, taa zinabadilika kutoka bluu kwenda nyekundu, watoto wameitolea macho. Niliiwasha makusudi. Niliiwasha ili mjomba wako aione anapokula. Ndipo wewe, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe kachumbari, ukasema, "Baba, hii nilishaifungua juzi. Wamekupiga."

Watoto wakaangua kicheko. Neno hilo kwao ni la mitaani, la mtu aliyeuziwa simu ya udongo stendi. Nikakuuliza, "Umeifungua? Na ile stika ya waranti?" Ukanijibu, "Nimeibandua, baba. Mtu lazima aone ndani." Halafu ukaanza kuorodhesha kama hakimu anayesoma hukumu. Ramu, vile vibao vya kumbukumbu, waliandika mbili, ipo moja. Kadi ya michoro, ambayo ndiyo itakayobeba majengo yako kwenye skrini, imebandikwa karatasi mpya juu ya karatasi ya zamani, na feni yake ina vumbi la nyumba ya mtu mwingine. Pawasaplai, kile kisanduku cha umeme, ni nyepesi kama boksi tupu. Ukamalizia, "Yangu niliyounda na mjomba haina taa, lakini najua kila kilichomo."

Na mimi nikajibu. Nilichosema unakijua, ila nakiandika kwa sababu kimeshatoka na hakifutiki kwa kutokiandika. Nilisema, "Kama unataka kutengenezewa maisha na fundi wa vidole viwili, basi mfuate, awe ndiye baba yako."

Mjomba wako alikuwa anakula. Unajua anavyokula, kwa kile kidole gumba na cha shahada vilivyobaki mkono wa kulia, anafinya wali taratibu, na katika miaka yote sijamwona akiangusha hata punje. Aliachia tonge alilokuwa nalo, akanawa, akasema "Alhamdulillahi, tumeshiba," akatoka. Hakuna aliyekuwa ameshiba.

Nimekukasirikia. Sikufichi. Ungenivuta pembeni. Ungengoja wageni waondoke. Mhadhiri yule ananiita "Mzee wa Msamvu" kwa heshima, sasa sijui ataniitaje. Halafu nikakumbuka kwamba Jumatano ulinijia jikoni ukasema, "Baba, nina jambo kuhusu kompyuta," nami nikakukata kabla hujafika mbali: kama ni habari ya kufungua, sitaki kusikia, mashine ina stika, stika ikitoka waranti imekufa. Kwa hiyo pembeni ulishanivuta. Ni mimi niliyekataa kuvutika. Hilo nalo linanikasirisha.

Sasa nikueleze nilivyoinunua, maana hujawahi kuuliza na mimi nisingesema. Nilikwenda Kariakoo siku niliyowaambia nina mkutano wa kazini. Duka lina kiyoyozi. Kijana mmoja, shati limenyooka, akaniuliza, "Mzee, mashine ni ya kazi gani?" Nikamwambia binti yangu anakwenda kusomea kuchora majengo. Akaandika andika, akanionyesha picha, akasema wao wataniundia kwa oda, itakuwa ya mtu mmoja duniani. "Wewe mzee kazi yako ni kuchomeka waya ukutani tu." Ulikuwa umeniambia siku moja, bila kujua nina mpango gani, kwamba mtu akinunua ya kuundiwa asimame hapohapo aone inavyofungwa, au aombe wamfungulie. Nilikumbuka. Neno lilinifika mdomoni. Nikaona aibu. Niliona nikisema "fungua nione," atafungua, nitatazama, na kijana yule atajua kwamba sijui ninachotazama. Basi nikatingisha kichwa kama mjuzi, nikabeba boksi.

Mhadhiri naye anayo ya kuundiwa, miaka mingi, haijamsumbua. Nilimuuliza baada ya kula, wakati anatafuta viatu vyake kwa haraka. Akasema alisimama pale dukani kutwa nzima, anauliza kila kifaa jina lake, mpaka wakamletea kiti. Kwa hiyo usije ukaniambia kuundiwa ni ujinga na kuunda ni akili. Nimewaza hilo mchana huu wote na sikubaliani nalo. Ya kwako nayo imeundwa na mtu, mtu huyo ni wewe. Ya mhadhiri imeundwa na mtu, na yeye alikuwa anamtazama usoni. Yangu mimi niliinunua huku nimefumba macho. Tofauti iko hapo tu.

Na huyo kijana wa Kariakoo asidhani nimemsahau. Nikishakusindikiza, keshokutwa nitakuwa mlangoni kwake na boksi lake. Nitasimama pale kila mteja anayeingia anione. Ninazo siku za likizo ambazo sijawahi kuzichukua na zote nitazimalizia hapo. Karatasi mbili zimebandikwa moja juu ya nyingine! Mtu kalala usiku, kaamka, kanywa chai, kaenda kazini kumbandikia binti yangu karatasi.

Haya. Sasa la kwa nini nilinunua wakati ulishakuwa na yako.

Unajua kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Mambo ya posa yanakwenda kwake, mambo ya shamba la bibi yanakwenda kwake, na binti akisafiri kwa jambo kubwa, mjomba ndiye anayemfungasha. Mimi baba ni mtu wa kushukuriwa. Nimekua nayo, baba yangu aliishi nayo, na sikuwahi kuiona nzito mpaka wewe ulipofaulu. Mjomba wako akauza karafuu na mdalasini wake, akateremka kutoka Matombo na ile barabara yake ya mashimo, hakuniuliza. Mkaenda wote Kariakoo, mkarudi na viboksi vidogo vidogo ndani ya kiroba. Kasha lenyewe mkaokota la zamani kwenye ofisi iliyokuwa inahama. Kijivu, limechubuka, ubavu mmoja umepinda. Mkakaa sebuleni kwangu siku tatu mnaunda. Mimi nikirudi kutoka kazini naruka skrubu kwenda chumbani.

Lakini nilikuwa nasikiliza. Yeye hajui kompyuta. Anajua mashine. Alikuwa anauliza maswali ya mashine: "Hiki kinakula umeme kiasi gani? Hiki kikipata moto, joto linatokea wapi? Hewa inaingilia mbele au nyuma?" Wewe unamjibu kutoka kwenye simu. Mlipoiwasha mara ya kwanza feni zikazunguka na skrini ikabaki nyeusi. Ukajaribu, ukajaribu, ukalia. Siku mbili. Zuhura, nilifurahi. Nilikaa kitandani nikasikia mwanangu analia sebuleni, nikafurahi, kwa sababu nilijua sasa mtakuja kwangu niseme tununue ya kuundiwa. Hamkuja. Nilimsikia akikwambia, "Tunaivua yote, kimoja kimoja, tunarudia tangu mwanzo. Hakuna mchawi humo." Kumbe ramu moja haikuwa imekaa. Akakwambia uisukume mpaka ilie, ikalia *ta*, na mama yako akapiga kigelegele kama kuna harusi.

Ningeweza kulivumilia hilo. Nililoshindwa kulivumilia ni wavu.

Lile kasha la zamani lilikuwa halina kifuniko mbele ya feni ya nyuma. Mjomba wako akatafuta kipande cha wavu wa dirishani, akakikata kwa mkasi wa mama yako, akakikaza kwa skrubu nne, hakuna kona iliyochoma. Nilikuwa napita. Nikauliza, kwa kejeli, "Cha nini hicho? Feni yenyewe ndogo kama kisahani." Hakuinua kichwa. Akasema, "Kinachozunguka kifunikwe, shemeji."

Sikulala vizuri wiki ile. Wiki iliyofuata ndiyo nikaenda Kariakoo.

Sasa nakuandikia nililokaa nalo miaka ishirini. Mama yako hajui. Wazee wa Matombo hawajui. Nilidhani mjomba wako naye hajui.

Kabla hujazaliwa, mimi na yeye tulijenga mashine ya kusaga kule kwao. Watu wa kule walikuwa wanabeba mahindi kichwani kilomita nyingi kwenda kusaga. Tungeweza kununua mashine kamili mjini, injini na kinu pamoja, imefungwa na wenyewe. Mimi ndiye niliyesema tuunde. Nilikuwa kijana, nina kichwa kama chako. Injini tukaipata iliyotumika, kinu tukakinunua peke yake, fremu nikaichomelesha Morogoro. Na ilikuwa nzuri, nakwambia! Nimeona mashine nyingi tangu hapo na ile ilikuwa imekaa sawa. Tuliipandisha mlimani vipande vipande kwa mabega ya watu.

Kifuniko cha mkanda nilikichomelesha mimi. Kilikuja kimepinda kidogo. Tulipowasha siku ya kwanza, mkanda ukawa unakwaruza bati, kelele ya kuumiza meno. Nje kuna foleni ya akina mama na ndoo zao, kesho yake ni Idi, kila mtu anataka unga. Mjomba wako alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Nikafungua kile kifuniko nikakirusha kwenye migomba. Nilijiambia ni kwa leo tu. Mashine ikanguruma vizuri, akina mama wakashangilia, na mimi nikashangilia pamoja nao.

Akarudi na kanzu yake ya mikono mipana. Mkanda ulikuwa umeanza kuteleza, akainama kuutazama. Sikupiga kelele. Nilikuwa nimeshika debe la mahindi, nilimwona anainama, nikawaza kwamba ataona mwenyewe. Mkono wa kanzu ukaingia kwanza.

Tulimteremsha kwa machela ya miti. Alikuwa ananiuliza njiani, "Kanzu imechanika?" Aliniuliza hilo tu mpaka tukafika hospitali.

Wazee wakakaa baada ya Idi kuuliza ilikuwaje. Nilikuwa na nafasi hapo. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, watu wote wananisubiri. Nikasema, "Nilimwambia asiguse. Hakunisikia." Maneno matatu. Yakatoka mepesi kuliko nilivyotegemea, na kwa kuwa yalitoka mepesi nikayarudia kwa kila aliyeuliza. Wakampa jina: Haambiliki. Mjomba Haambiliki. Msichana aliyekuwa amemposa, kwao wakarudisha posa, wakasema hawampi binti yao mtu asiyesikia. Akaoa akiwa na mvi. Mashine ikauzwa. Na wewe, ulipoanza kusema, ulikuwa ukimwona anakuja unakimbia barazani unaita, "Haambiliki! Mjomba Haambiliki!" Anakubeba, anacheka. Mimi nipo pale mlangoni. Sikukukataza hata siku moja, kwa sababu ningekukataza ungeuliza kwa nini.

Baada ya ile mashine nilikimbilia Msamvu kukata tiketi. Watu huniuliza kwa nini sikuendelea na ufundi, nawaambia macho. Hakuna cha macho. Msamvu basi likiharibika abiria ananipigia kelele mimi, namjibu, "Mama, mimi nakata tiketi tu, basi sijaliunda mimi." Hujui raha ya sentensi hiyo. Nimeisema miaka ishirini na kila nikiisema nafsi inatulia. Ndivyo nilivyonunua kila kitu tangu hapo. Pasi, redio, jiko, pikipiki: kipya, kina karatasi, kina muhuri, kina mtu wa kulaumiwa. Nilidhani nanunua ubora. Nilikuwa nanunua mtu wa kumnyooshea kidole. Kariakoo pale sikununua kompyuta, nilinunua mtu wa kulaumiwa mashine itakapozima ukiwa katikati ya mitihani.

Wewe ulichagua kinyume chake. Mashine yako ikizima Dodoma, hakuna wa kumpigia simu na kumtukana. Utakaa chini na bisibisi, uichunguze kimoja kimoja, na huenda ukakuta kosa ni lako, na utasema ni langu, na utarekebisha. Hilo ndilo nilikuwa nakuonea wivu. Nikakuonea wivu mpaka nikaenda kukununulia sumu yenye taa za rangi. Beba yako. Yangu usiiguse tena. Kadi ya michoro ya mashine yako, ile nzito, itoe kabla ya safari uipakate, lakini hilo unalijua, nisikufundishe.

Utakapokuwa unachora majengo, ipo siku kipande kimoja kitakwaruza na foleni itakuwa nje inakushangilia. Sina la kukwambia kuhusu siku hiyo. Nimekwambia mimi nilifanya nini.

*

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo, nikunje barua, nikutilie kwenye begi uisome basi likishapita Dumila. Nikasimama. Nikaona kwamba nakupa wewe kitu ambacho si chako kwanza. Nikazunguka ukuta.

Mjomba wako alikuwa amekaa kwenye benchi, fimbo yake kati ya magoti. Nikamwambia, "Shemeji, kuna barua ya Zuhura. Nataka uione kabla yake."

Akasema, "Miwani nimeacha Matombo. Soma."

Nikamsomea yote. Pale penye wavu nilitaka kuruka, sikuruka. Nilipomaliza, mama yako alienda bombani na kurudi mara mbili. Halafu akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilikuwa nateremka kutoka msikitini. Nilikuona unakirusha migombani. Nikaingia, nikaona mkanda uko wazi, nikainama vilevile. Hilo la kuinama ni langu, usilichukue. La kwako ni kusema uliniambia."

Nikapandwa na hasira, Zuhura, nakwambia kweli. Nikamuuliza kwa sauti, "Sasa kwa nini ulinyamaza? Miaka ishirini unanitazama tu, unakula kwangu, unanitazama!"

Naye akapandisha. Sijawahi kumsikia akipandisha sauti. "Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi sita! Ningesema pale mbele ya wazee, wangemchukua siku ileile. Huyo mtoto angezaliwa Matombo, wewe ungemwona kwenye sikukuu. Nilikuachia mke na mtoto, shemeji. Leo unamwambia mtoto mimi ndiye niwe baba yake. Ulimpata wapi wewe, kama si kwangu?"

Nikakaa kwenye ncha ya benchi lake.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Vidole sikudai. Jina ndilo linaniuma, na la leo mchana." Nikamwambia barua imeshaandikwa, utaisoma kesho, utajua yote. Akacheka kicheko kibaya. "Kwenye basi? Mtoto aisome peke yake, alie, afike Dodoma. Mimi nimepata nini hapo? Umenitukana mbele ya mkeka mzima. Wasomee walewale."

Nimekaa tena kwenye ngazi kuandika ukurasa huu. Nina hasira naye kwa kujua, nina hasira nawe kwa kubandua ile stika, na hizo zote ukizitikisa zinaniangukia mimi. Adhana ya magharibi imekwisha, watu wameshaswali. Mama yako, ambaye nimemwambia ana jambo la kusikia, amewarudisha mama zako wadogo, na amemtuma mtu kwa mhadhiri na mkewe. Wanakaa mkekani sasa hivi. Nitasoma kuanzia mstari wa kwanza, na yale niliyosema juu yako, na yale ya kitandani wakati unalia. Watoto wakicheka waache.

Ukurasa huu wa mwisho nampa mama yako akuletee huko ndani. Kurasa nyingine ninazo mkononi. Mjomba wako amesema hakuna kuanza mpaka uwepo. Njoo ukae karibu naye. Ameshaisikia yote mara moja. Nikiruka mstari, atanirudisha.

Baba yako.